Gari Uani kwa Mkwe

Jumanne, 3 Septemba 2024

Mkorea wangu kalala Bukene! Yuko uani kwa mama mkwe, juani, na mimi niko hapa nyumbani Mtendeni nimekaa kama mzazi aliyeacha mtoto wodini.

Nilikuwa nimeshashusha dawa kwenye zahanati ya mwisho. Nakaribia Bukene, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima AC. Ukapanda. Nikafungua madirisha — sijui yangesaidia nini. Ukafika kwenye nyekundu, mvuke ukatoka mbele, nikazima injini. Vijana waliokuwa wanapakia mpunga wakanisukuma mpaka kwa mkwe, maana ndiko kulikokuwa karibu. Aibu niliyoiona! Nikachuchumaa, nikamwamkia mkwe huku natazama ukuta. Akaitikia akiwa nyuma ya mlango. Ndivyo tulivyo tangu nimwoe Julieth. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, na la maana likiwepo linapitia kwa mtu mwingine.

Nikapiga simu kwa wakala, Dar. Dada wa huko akasema nisifungue, nisiguse, nisiongeze chochote. Atatumwa mkaguzi. Waranti ya injini bado hai mpaka Desemba. Akauliza kama nimewahi kuweka maji badala ya kulanti, ile ya kupozea injini. Nikasema sijawahi, nikaapa kabisa. Na kweli sijawahi.

Nimerudi kwa treni. Abiria wa pembeni alikuwa na kuku, kuku kanitazama njia nzima.

Alhamisi, 5 Septemba

Kijiweni leo wamenila mzima mzima. Eti si nilisema Mkorea ni miaka mitano bila mawazo? Eti ningenunua Mjapani wa mtumba, saa hizi fundi yeyote wa Kaliua angekuwa ameshalitengeneza. Nikacheka nao.

Octavian, jirani, ana gari kama langu, la zamani kuliko langu. Anasema hajawahi kufungua hata nati moja, ni mafuta ya injini na kulanti tu. Limeenda Mpanda masika na kurudi. Sasa langu lina laana gani? Sevisi zote nimefanya Mwanza kwa wakala, hata ile niliyoiendea nikiwa na homa. Kijitabu cha waranti nimekisoma tena leo. Kwenye herufi nyekundu: maji ya kawaida yakiingia kwenye mfumo wa kupoza, waranti imekufa.

Wenye tenda ya dawa wamepiga. Wananivumilia mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na sita, baada ya hapo njia yangu anapewa mwingine. Bila gari mimi si mtu wa dawa tena. Mimi ni mtu wa kijiweni.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Julieth alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu, kwa Kinyamwezi, huku anachambua mchele. Akacheka. Akanigeukia akaniambia mama anasema mkwe wake asihofu, gari linahudumiwa, yeye mwenyewe amelinywesha maji asubuhi.

Nikauliza maji gani.

Kicheko kikamwisha usoni. Akarudi kwenye simu, akauliza taratibu, kimoja kimoja. Na majibu yakaja.

Tangu safari ya kwanza niliyopita hapo na gari! Mimi nikishaingia kwa wanaume kula, mkwe anatoka nje, anavuta kile kishikio chini ya usukani, anafungua boneti, anazungusha kifuniko kwa kitambaa, anaongeza maji. Madirisha naacha wazi kwa ajili ya joto. Na kazi anaijua! Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori la pamba, na kila alfajiri aliyejaza rejeta ni mkewe. Kwake mgeni haketi kabla hajapewa maji, na gari la mkwe ni mgeni. Hakusema kwa sababu hakuna la kusema. Nani anamtangazia mkwe wake kwamba amempa maji?

Tena maji ya kisima chao, ya chumvi! Birika lake lina ukoko mweupe ndani kama chokaa.

Nina hasira. Nimeandika. Nina hasira na mkwe, na hata kuandika hivi mkono unasita. Halafu nawaza yule mama ameinama kwenye boneti ya gari langu, mgongo wenyewe ule, ili nifike salama. Hasira inakosa pa kukaa.

Jumatatu, 9 Septemba

Mkaguzi kapiga. Anaitwa Yahaya. Anakuja Alhamisi.

Akauliza tena habari ya maji. Nikasema mimi sijaweka. Akasema hajauliza mimi, ameuliza mtu yeyote.

Nikasema hakuna.

Jumatano, 11 Septemba

Julieth hasemi na mimi, anasema na sufuria. Nilimwomba amweleze mama yake asitaje maji mbele ya mgeni. Akakataa. "Mama yangu ni mzee wa kanisa, Festo. Mimi ndiye nimfundishe uongo?"

Alichomwambia ni kwamba asiliguse gari tena, basi. Mama akauliza kama amemkosea mkwe. Julieth akasema hapana. Akauliza, sasa kwa nini anakatazwa? Simu ikakatika, au ilikatwa.

Kesho tunaondoka wote wawili. Naondoka kama nimeiba.

Alhamisi, 12 Septemba, Bukene

Naandika nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, karatasi ya Yahaya nimeilaza juu ya daftari. Anadhani naisoma.

Ni kijana mpole. Kamwamkia mkwe shikamoo, kaoga vumbi bila kulalamika. Alitoa kulanti kidogo, akaitia kwenye chupa safi, akainyanyua juani. Rangi ya chai ya rangi, na vipande vyeupe vinaelea. Akaitazama muda mrefu. Mimi shati lilinigandia mgongoni.

Halafu akaniambia gari limetunzwa, anaona. Na kwamba pampu za maji za toleo hili baadhi zilikuja na kasoro, na zikifa zinachafua mfumo hivi hivi. Kama hakuna aliyeongeza maji, ataandika kosa ni la pampu. Injini mpya, bure. Nisaini tu pale chini kwamba hakuna aliyeongeza.

Kanipa kalamu yake. Ndiyo hii.

Nilikuwa nimeshaiweka kwenye mstari. Mkwe akatoka na kata ya maji ya mgeni. Akapiga magoti, akampa Yahaya, Yahaya akanywa, akashukuru. Mkwe hakuinuka. Macho yake chini, uso kaugeuzia upande usio wangu. Akamwambia Yahaya, kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Fundi, niulizie kwa mkwe wangu. Gari lake nimelinywesha maji siku zote. Sasa nimekatazwa. Nimemkosea nini?"

Julieth yuko mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hajasogea.

Yahaya aliitazama chupa. Akanitazama mimi. Nadhani alinihurumia. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mzee wetu huyu, labda umri? Anachanganya na magari ya zamani?"

Kanifungulia mlango! Ndiyo moja tu. Hata kutikisa kichwa kunatosha. Pampu, injini, tenda, Jumatatu niko barabarani. Na yule mama ambaye hajawahi kukosea kuzungusha kifuniko cha moto atakuwa amechanganyikiwa, uani kwake, mbele ya binti yake, kwa mdomo wangu.

Nimemwambia Yahaya asubiri, namalizia kusoma. Nimeandika haraka. Amesimama katikati yetu na kata mkononi, maana swali limepitia kwake na jibu litapitia kwake.

Mstari bado hauna sahihi. Mkwe bado yuko magotini. Ananisubiri.