Nimefaulu kozi ishirini na nne, jina langu halimo

Mpendwa Mama Litiana, naomba msaada, na naomba ukinijibu gazetini usinitaje jina wala kisiwa, wazee wangu nimewabadilisha majina, maana sisi watu wa Tuvalu hapa ugenini Suva tuko wachache na Jumapili tunakaa kanisa moja, mtu akipiga chafya mtaa wa Raiwaqa, wa mtaa wa Nabua anamwambia afya.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nasoma shahada ya kwanza ya fedha chuoni hapa Suva, au niseme nilisoma, sijui niseme vipi, maana ndiyo hiyo shida yenyewe. Shahada yetu ni kozi ishirini na nne, nane kila mwaka, na babu yangu mzaa mama, Babu Penieli, ambaye ndiye aliyenilea, ni mtunzi wa fatele kule kisiwani, zile nyimbo za ngoma ambazo wanaume wanapiga boksi la mbao kwa viganja na wimbo unarudiwa unazidi kasi mpaka watu wanalowa jasho, sasa siku nilipopata nafasi ya chuo alisema atanitungia fatele ya mahafali yangu, na tangu hapo kila muhula ukiisha ananipigia simu, "Haya mjukuu wangu, safari hii umefaulu nini?" nami namsomea majina ya kozi, yeye anayatia kwenye wimbo. Mama, hakuna fatele nyingine duniani yenye Uhasibu wa Gharama ndani yake. Wachezaji walimlalamikia kwamba Takwimu za Biashara haikai na mapigo, akawaambia, "Yeye ameikalia muhula mzima, nyinyi inawashinda dakika moja?" Nyimbo nyingine zina mistari mitatu minne, huu una ishirini na nne, na kisiwa kizima wanaujua, hata watoto wanaimba Sheria za Makampuni wakienda kuoga.

Sasa mwaka jana babu aliletwa hapa kutibiwa macho, kisukari kilikuwa kimeyaharibu, na kwa kuwa hajui Kiingereza mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, na upasuaji ulipangwa Alhamisi, lakini Jumatatu ya wiki ileile hospitali wakapiga simu wakasema jicho la kulia haliwezi kusubiri, aletwe kesho saa mbili asubuhi, na kesho hiyohiyo saa tatu mimi nilikuwa na mtihani wa mwisho wa Usimamizi wa Hatari za Fedha, kozi ya mwaka wa tatu, ya lazima. Shangazi Lisepa ninayekaa kwake alikuwa mbali, mji wa Lautoka, kwenye msiba. Nikajiambia nitamfikisha tu, nimkabidhi kwa nesi, nikimbie, lakini alipolazwa kwenye kile kitanda cha magurudumu akanishika mkono kwa nguvu, mtu ambaye tangu nizaliwe sijamwona akiogopa kitu, akaniuliza, "Leo huna shule?" Nikamwambia, "Leo hakuna shule, babu." Akasema, "Basi kaa hapo ninapokusikia." Nikakaa.

Jicho likapona, Mungu mkubwa. Wenzangu darasani wakaniambia peleka karatasi ya hospitali chuoni, utapewa mtihani wa pekee, na karatasi nilikuwa nayo, daktari mwenyewe aliniandikia bila hata kuombwa. Sikuipeleka. Kwetu mtu hamuuguzi mzee wake halafu akaenda dirisha la chuo kudai alichopoteza, nilijiona kama nitakuwa nauza ugonjwa wa babu nipewe alama. Basi nikaandikiwa nimefeli, na babu aliponiuliza safari hii umefaulu nini nikamtajia zote nne, na hiyo ikiwemo, nikamsikia anaimba palepale kwenye simu kuona kama inakaa. Muhula uliofuata nikachukua kozi tano badala ya nne, ya tano ilikuwa Muziki wa Pasifiki, hiyo babu sikumtajia, nikafaulu zote, nikahesabu, ishirini na nne, nikasema shimo limefukiwa, nikashukuru, nikalala.

Wiki iliyopita wametoa orodha ya mahafali ya Aprili. Jina langu halimo. Nimeisoma kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu, halimo, na barua ya chuo inasema kozi ya lazima haijakamilika. Na babu anapanda meli Jumanne ijayo, na wachezaji kumi na mmoja, na boksi, na mikeka, na kila anayekutana naye anamwambia anakuja kumwona mjukuu wake kwa jicho hili walilomtengenezea.

Shangazi Lisepa anasema, "Wewe kodi joho, sherehe tunafanya ukumbini kwetu, huko chuoni nani ataenda kuhesabu? Ukimaliza kozi yako baadaye, cheti kitakuja, nani atauliza tarehe?" Mama, nimelijaribu hilo joho. Lilinikaa vizuri, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu niliona kabisa kwamba naweza. Kwa upande mwingine nikimwambia ukweli atauliza ni kozi gani, na nikimtajia kozi atauliza mtihani ulikuwa siku gani, na siku ya jicho lake haisahau, ataelewa ni yeye. Nitakuwa nimekaa naye mpaka akapata jicho, halafu nampa cha kulilia. Nifanyeje?

Mjukuu, Suva


MAMA LITIANA ANAJIBU

Mjukuu, futa machozi kwanza, kisha kaa vizuri nikugombeze.

Kabla ya gazeti hili kunipa safu nilikaa dirisha la usajili chuoni miaka kumi na tisa, na kama ningepewa samaki mmoja kwa kila mwanafunzi aliyeniambia "lakini zimefika ishirini na nne" ningekuwa na meli yangu. Hivi mwanangu, wewe mtu wa fedha, ulisoma masharti ya shahada yako au ulisoma namba tu? Ishirini na nne ni sharti moja. Sharti la pili, zile za lazima zote ziwemo, na ya lazima haizibwi na nyingine hata ungefaulu vipi. La tatu, kozi za mwaka wa tatu ziwe idadi waliyoiweka, na Muziki wa Pasifiki ni kozi ya mwaka wa kwanza, najua, nimewaandikisha mamia. Karatasi ya masharti hayo ulipewa siku ya kwanza. Iko wapi? Chini ya godoro, bila shaka.

Na ile karatasi ya hospitali! Hapo ulinikasirisha mpaka nikaiweka barua yako chini nikaenda kuchemsha chai. Fomu ya mtihani wa pekee imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe, walio na wagonjwa, waliofiwa, waliofungiwa na kimbunga. Haikuwa kumuuza babu. Aibu yako naielewa, mimi ni mtu wa kisiwa cha Kadavu, na sisi pia tunauguza kimyakimya. Lakini chuo hakina macho ya kuona mambo ambayo hukukiambia. Ungeuliza, ungepewa.

Sasa sikiliza, maana barua yako imenifikia Jumatatu na nimembembeleza mhariri aiweke Jumatano hii kwa sababu moja. Hiyo kozi yako inafundishwa muhula wa kwanza peke yake, na muhula umeshaanza. Usajili wa waliochelewa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Ukiikosa Ijumaa hii unasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda na kitambulisho, nakala ya matokeo, na karatasi ya hospitali, ndiyo, ileile, haijaoza. Usianzie dirishani, pale watakurudisha. Anzia kwa mkuu wa idara, mwambie habari yote kama ulivyoniambia mimi, akutilie sahihi, ndipo uende dirishani. Mtihani utakuwa mwezi wa sita, na ukifaulu unaingia mahafali ya Septemba. Joho rudisha leo, utalikodi upya siku lina kazi.

Shangazi yako anakupenda, mwambie nimesema hivyo. Lakini ushauri wake tupa. Sherehe ya joho la uongo ungeiweza, umesema mwenyewe. Ungecheza, ungepigwa picha, na picha ingetundikwa kule kisiwani juu ya mlango. Kila ukienda kumwamkia babu yako ungepita chini yake. Hiyo hutaiweza.

Tumfikie babu sasa.

Umeandika kurasa tatu ukiogopa atajua kwamba ni yeye. Mimi nakuuliza, kwani asijue? Mzee alishika mkono wa mtu mmoja kwenye ile hospitali. Amekwenda kwao na jicho zima, na hadi leo hajui lilikugharimu nini. Wewe unadhani unamlinda. Mwanangu, umemnyima nafasi ya kukushukuru. Mtu aliyetunga mistari ishirini na nne kwa ajili yako anashindwa kubeba habari moja ya kweli? Atalia, ndiyo. Macho yamepona, yanaruhusiwa.

Mpigie kabla ya Jumanne, kabla hajakanyaga meli, na upige wewe, si Lisepa. Usianze kuzunguka na habari za hali ya hewa. Mwambie hivi: "Babu, siku ile ya jicho uliniuliza kama nina shule, nikakuambia hakuna. Ilikuwepo. Nilichagua kukaa, na ingekuwa leo ningekaa tena. Ila kozi moja bado, na nilikudanganya, hilo ndilo ninaloombea msamaha." Uone nilivyoligawa. Msamaha ni wa kumdanganya, usiombe msamaha wa kukaa. Ukimaliza, nyamaza. Akikaa kimya nawe kaa kimya, usijaze maneno. Ni zamu yake.

Na usimwambie asije. Meli hazipiti kila wiki, na tangu lini mzee wa kwenu akaja Suva akarudi na meli ileile? Atakaa kwa Lisepa mpaka Septemba, atamlalamikia mihogo yake, utakuwa umewakomoa wote wawili. Fatele nayo msiikate. Ichezwe Aprili ukumbini kwenu kama ilivyopangwa, waimbe kozi ishirini na tatu kwa kasi yote, boksi lipigwe, Hatari za Fedha waiweke mwisho, wakiifikia hapo boksi linyamaze. Watu watauliza kulikoni. Babu yako ni mtunzi, atajua la kuwaambia, na nina hakika atalisema vizuri kuliko mimi na wewe.

Kisha soma. Usinifanyie tena mchezo wa kuhesabu namba.

Bado jambo moja, na hili nakuomba kama mama. Asubuhi ya mtihani, mwezi wa sita, mchukue babu yako mwende naye. Nje ya ukumbi wa mitihani, upande wa mlango wa nyuma, kuna benchi refu la mbao chini ya madirisha, mimi mwenyewe nimekaa pale mwanangu wa kwanza akiwa ndani. Walinzi hawamfukuzi mzee aliyetulia. Mpe chupa ya maji na mkate wenye siagi, mfungie vizuri kofia. Atakuuliza kama kawaida yake, "Leo huna shule?"

Mjibu, "Leo ninayo, babu. Kaa hapo ninapokusikia."