Mtungi wa Mchina na macho ya Lemali

Jumanne, baada ya chakula

Na huyo Lemali hata herufi moja haijui.

Leo dukani kwa Mzee Shomari mimi, Lemali na Naserian tulikuta mtungi wa kaure wa Kichina, ulioagizwa na Mdachi wa bomani. Umechorwa mwanamume na ng'ombe wake, mto, na binti ng'ambo ya pili. Naserian, niliyemwekea shanga tangu mavuno, akauliza maana yake. Mimi msomi wa misheni nikawahi: "Huyo anapeleka mahari."

Lemali akacheka. "Ng'ombe mmoja, tena mzee hivyo? Mkwe gani atampokea? Huyo mchungaji tu, mto umemzuia."

Mzee Shomari akasema Lemali amepatia. Baharia mmoja alimsimulia: ni mchungaji na mpenzi wake, binti mfuma nguo wa mbinguni. Mto umewatenga, na mara moja kwa mwaka ndege hujipanga kuwa daraja lao.

"Wewe una macho," Naserian akamwambia Lemali.

Hata mimi ninayo, tena na madaftari mawili. Shanga bado ziko mfukoni.

Ningekuwa mmoja wa ndege wale, ningemngoja Lemali afike katikati, kisha niruke zangu.