Misalaba kwenye Kalenda ya Maman Conso

Jumapili, 9 Agosti 1998

Ndege haikuja tena. Wiki nzima tangu vita ianze upya, na anga ya Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, iko kimya kama darasa siku ya hesabu. Kimya ya namna hiyo naijua vizuri. Nilisoma mpaka mwaka wa ine primaire, na kwa hesabu nilikuwa bingwa wa kunyamaza!

Consolate, binti yetu, iko Kinshasa. Kila mwezi alikuwa anatuma kwa ndege vidonge vya mama yake, vile vidogo vyeupe vya kufanya damu iwe nyepesi. Mama huyo, Maman Conso, ndiye muke wangu Eulalie; ndani ya moyo wake kuna mulango mumoja haufungiki vizuri tangu ujana. Moyo unacheza rumba yake peke yake, hausikilizi orchestre. Docteur alisema: damu ikikaa pale bila kutembea inaganda, na kipande kinaweza kupanda kichwani. Basi, robo tatu ya kidonge kila asubuhi na kahawa. Nakata mimi, kwa wembe. Kisha natia musalaba kwenye kalenda ya paroisse, ya kanisa letu. Eulalie alifundisha shule miaka makumi tatu, anapenda kila kitu kipate alama.

Vimebaki vitatu. Siku ine. Hesabu hii, kwa bahati mbaya, naijua.

Alhamisi, 13 Agosti

Kipande cha mwisho kimepita na kahawa leo.

Nilishuka Kadutu. Nusu ya soko imefungwa. Askari wapya wako njia panda na vitambulisho vyetu wanavisoma chini juu, juu chini. Adèle wa pharmacie aliniangalia na huruma. Akasema: Papa Zagabe, hapa imebaki dawa ya minyoo na dawa ya kutuliza tumbo, wewe unaumwa kipi? Nikamuambia naumwa serikali. Akacheka, akaangalia mulangoni kama kuna mutu amesikia.

Nimerudi na dawa ya tumbo. Nyeupe.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimefanya.

Nilikata ile ya tumbo kwa wembe, vipande vidogo, nikavisugua juu ya jiwe la kunolea. Eulalie alimeza bila kuangalia. Hajawahi kuangalia. Anafungua mudomo kama kifaranga, mimi naweka, yeye anasema merci Papa Conso. Miaka mitano sasa.

Nitamuambia nini? Vita ya kwanza, mwaka wa 96, ni woga ulimuangusha ndani ya mufereji kule Mudaka, moyo unapiga kama unataka kutoka nje utukimbilie mbele. Nikimuambia dawa imekwisha, ataanza kusikiliza moyo wake usiku na muchana. Afazali akose dawa na kulala, kuliko akose dawa na asilale. Ndege itakuja. Siku mbili, tatu.

Musalaba nimetia. Mukubwa.

Jumanne, 18 Agosti

Hakuna courant, taa zimekufa. Hakuna ndege. Tumekula sombe, majani ya muhogo, kesho tutakula sombe.

Tulikaa kwenye baraza na tukarudi mwaka wa 57. Huko hakuna barrière ya askari, mutu anapita bure. Mimi nilikuwa dereva wa watu wa Lwiro, wazungu wa kupima kila kitu: mvua, panya, matetemeko, mikojo ya watu. Siku ile nilipakia kisanduku cha vyura hai. Mbele ya shule ya Mudaka nikasimamisha camionnette, eti maji ya radiateur. Uongo! Nilikuwa nimeona monitrice mupya, mwalimu wa kike, amevaa robe ya kijani. Kifuniko kikafunguka. Vyura wote wakaingia darasani, watoto juu ya meza, furaha kama Noeli. Monitrice hakupiga kelele. Alinipa chaki, akaniandikisha ubaoni mbele ya watoto: Sitaleta vyura shuleni. Mara makumi tano! Camionnette ya serikali inaungua jua, mimi naandika. Mara ya makumi tatu nilimuuliza jina lake. Akasema: malizia.

Leo amecheka mpaka machozi. Akasema: ile kifuniko, ulikifungua mwenyewe. Nikasema hapana. Miaka makumi ine na moja nasema hapana.

Alikuwa na uso muzuri. Rangi nzuri. Labda hii dawa ya wazungu ni desturi tu.

Jumapili, 23 Agosti

Misa ilikuwa fupi. Padri pia anaogopa. Eulalie alitembea mwenyewe kwenda na kurudi, kwenye ile njia ya kupanda. Unaona?

Jumatatu, 24 Agosti

Hopitali. Naandika juu ya goti.

Saa mbili ya asubuhi. Alikuwa amemeza, musalaba nimetia, narudisha kalamu. Nikasikia kikombe. Kahawa yote chini. Mukono wa kuume ulining'inia kama si wake. Mudomo umevutwa upande mumoja. Alitaka kusema kitu — ikatoka sauti tu, kama redio kati ya vituo viwili. Macho yake yalikuwa yananiuliza.

Majirani walimubeba juu ya kiti, wanaume wane, kwenye vile vijia vya mulima. Kwenye barrière askari mumoja akauliza ni nini. Nikasema ni mwalimu. Akatupisha.

Mukono wangu ulikuwa umekamata kalenda. Kila tukienda kwa docteur naibeba, ni mazoea. Docteur Philémon ni kijana, ndevu zake zinahesabika, lakini mikono yake iko na akili. Akamuambia Eulalie ainue mikono miwili. Mumoja. Akamuambia acheke. Nusu. Kisha akachukua kalenda, akapitisha kidole mwezi mzima. Akasema: Papa, hata siku moja hamukukosa! Ungekuwa infirmier wangu, muuguzi.

Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Akanieleza pole pole, kama unavyomueleza muzee. Kichwani mambo ni mawili. Ao mushipa umezibwa na damu iliyoganda, ao mushipa umepasuka na damu inavuja. Kwa nje yanafanana kama mapacha. Mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa haiko Bukavu, iko inchi za watu, na barabara unaijua. Kama umezibwa, kuna dawa ya kuzuia usizibwe zaidi. Kama unavuja, dawa hiyo inamumaliza.

Akagonga kalenda kwa kidole. Akasema: mutu anayekunywa kidonge hiki bila kukosa, damu yake ni nyepesi, mimi nafikiri inavuja. Yolande, vitamine K. Tuirudishie damu nguvu ya kuganda.

Nikauliza: na kama si kuvuja? Akasema: basi tutakuwa tumesaidia adui.

Yolande, infirmière, alikuwa amevuta dawa ndani ya sindano. Anapangusa mukono wa Eulalie na pamba. Nilimuona anatafuta mushipa.

— Docteur. Misalaba kumi na moja ya mwisho ni ya uongo.

Yolande akasimama na pamba yake. Docteur akasema: Papa, unacheza? Nikasema: maisha yangu yote. Leo hapana.

Nikasema yote. Ndege, wembe, dawa ya tumbo, jiwe. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema tu: weka sindano chini, Yolande. Na kwangu: hata wewe sasa sikuamini, nitauliza damu yenyewe.

Akatoa damu kidogo, akaitia ndani ya kachupa ka glasi, akakafunga ndani ya ngumi yake ili kakae na joto. Akaangalia saa. Kila dakika anakainamisha. Damu inatembea. Anafunga ngumi. Anakainamisha. Inatembea. Mimi nilikuwa naomba igande na naomba isigande, sikujua tena ni ipi ya kuomba! Dakika ya munane akakageuza juu chini kabisa. Damu ikabaki pale juu, kama ugali ndani ya sahani.

Akasema: hii ni damu ya mutu asiyekunywa dawa. Umesema kweli.

Sijawahi kusikia maneno hayo yakiuma hivyo.

Kisha akamulaza upande, akamutoboa mugongoni kwa sindano ndefu. Maji ya uti wa mugongo yalitoka safi, bila damu. Akasema: si hakika, lakini kwa hapa ni hakika tunayoweza kupata. Mushipa umezibwa. Yolande akamupa kwanza kijiko cha maji, aone kama anameza bila kukohoa. Akameza. Ndipo aspirine. Aspirine tu! Docteur alisema ile ya kuyeyusha damu iliyoganda hana, na hata angekuwa nayo, bila picha asingethubutu.

Jumanne, 25 Agosti

Amelala. Naogopa kila pumzi.

Nimemushika mukono wa kuume. Uzito wake! Mukono huo ulitoa zero nyingi.

Alhamisi, 27 Agosti

Kidole cha gumba cha kuume kimetikisika. Yolande anasema ni kweli, si macho yangu ya uzee. Nikamubusu Yolande kwenye shavu. Eulalie akaona. Nusu ya uso wake ikakasirika vizuri sana!

Ijumaa, 28 Agosti

Amesema. Neno la kwanza: maji. La pili: Zagabe. Si Papa Conso. Zagabe, kama siku ile ya ubaoni.

Docteur alikuja na habari njema. Masista wamepata vidonge vya kweli, vya miezi miwili. Ataanza wiki ya pili, kichwa kikitulia. Kisha tutakuwa tunapima damu yake. Eulalie alisikiliza. Akatikisa kichwa. Maneno yanatoka moja moja kama watu kwenye mulango mwembamba:

— Hapana. Bure. Nilikunywa... kila siku. Nilianguka.

Docteur akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha.

Nje kwenye korido akanikamata mukono. Akasema: Papa, mulango wa moyo wake ungali vile vile. Asipokunywa, kipande kingine kitapanda, na cha pili hakitatuachia hata neno moja. Mimi nikimuambia kidonge kinasaidia, atanijibu alikikunywa akaanguka. Na ana haki! Anahesabu kwa hesabu uliyomupa.

Nikamuambia: semeni ninyi, ni ninyi munajua français. Akasema: siri za mugonjwa nazilinda, za bwana yake pia. Wewe ndiye uliyetia misalaba.

Jumapili, 30 Agosti

Asubuhi nilijaribu. Nilianza na vyura, nikafikiri kutoka hapo nitashuka pole pole mpaka kwenye dawa. Nilikubali hata ile habari ya kifuniko. Nilisema: ndiyo, nilikifungua. Miaka makumi ine na moja! Akacheka nusu, akanipiga begani na mukono wa kushoto. Akasema: nili... jua. Akafurahi hivyo, uso wake ukawa wa Mudaka kabisa, nikashindwa kuendelea. Nikamenya ndizi.

Saa sita Yolande alipita. Akamuuliza tena, habari ya vidonge. Eulalie akafunga mudomo. Akafunga na macho. Monitrice amekataa, mambo yamekwisha.

Sasa ni saa kenda. Nilifikiri amelala, ndiyo sababu naandika. Hakulala. Alikuwa ananiangalia tangu muda. Ameuliza:

— Unaandika... nini?

Nikasema: uongo wangu.

— Leta.

Nimemuambia angoje nimalize mustari. Anangoja. Miwani yake amevaa mwenyewe, kwa mukono mumoja, imekaa upande. Anajua naandika pole pole. Mukono wa kushoto uko wazi juu ya blanketi, ananyoosha vidole kama anakusanya devoirs za watoto.

Maman Conso, usianzie mwanzo. Anzia tarehe 14. Ukimaliza, kama utataka nitoke, nionyeshe mulango kwa kidole tu, nitaelewa, nitakaa pale korido. Lakini kidonge cha masista ni cha kweli, nilikiona, kina ule mustari katikati, na Yolande ndiye atakukatia, si mimi, ngoja, usivute daftari, na wewe