Mvua Iliyoishia Hewani

Jumamosi, Ushetu. Jua kali tangu asubuhi.

Ko!

Ndivyo jembe la Baba lilivyolia jana, kama limegonga jiwe. Ndivyo anavyopima mvua: hupiga jembe ardhini, kisha huingiza mkono kuona unyevu umefika wapi. Ukifika kiwiko, tunapanda. Jana halikuzama hata kidole kimoja. Akang'oa mche wa mahindi uliokauka, akaniwekea kiganjani.

Msimu huu hakupima kabla ya kupanda. Mimi ndiye niliyemkataza.

Nilikuwa Shinyanga mjini, nikisoma picha za setilaiti kwa ajili ya utafiti wangu. Barafu ilijaa kileleni mwa wingu juu ya Ushetu, na hesabu zangu zikasema mvua kubwa. Nyumbani yalidondoka manyunyu. Baba akapiga simu, anataka kupima kwanza. Nikacheka.

"Baba, mimi nimeshapima. Panda."

Nikawaandikia hivyo hivyo wakulima wote wa kundi letu la simu.

Leo Mama Masanja, jirani yetu, amenikuta kisimani. Nimemwamkia shikamoo.

"Marahaba, injinia wa mbinguni. Mvua yako mbona imeishia hewani?"

Wenzake wamecheka. Ametania tu, lakini ndicho hasa kilichotokea: matone mengi yalikauka kabla ya kugusa ardhi.

Na hili sijamwambia mtu. Setilaiti hupokea mawimbi yanayotoka ardhini, ya wima na ya ulalo. Ardhi ikilowa, hayo mawili huachana sana kwa nguvu. Siku ile hayakuachana. Ardhi ilikuwa inaniambia ni kavu, nami nikaiita hitilafu, nikaifuta, kwa kuwa iliharibu ramani yangu.

Niliifuta.

Limebaki debe moja la mbegu. Picha ya leo ina barafu tena, nzuri kuliko ile. Tukichelewa, mahindi hayatakomaa. Tukikosea, hatuna cha kupanda tena.

Baba amekuja kuketi karibu nami, binti yake. "Mama, mitambo yako inasemaje?"

Ameuliza bila kejeli. Bado ananiamini. Heri angenitukana.

Nimemjibu kwamba sijui. Kisha nimelibeba debe mwenyewe, nikalirudisha ghalani. Kundini nimetuma ujumbe kwa sauti yangu, kwa Kisukuma, nikieleza nilichofuta na kwa nini: asipande mtu kwa neno langu, mpaka jembe lizame.