Vijiti vya Mtoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mpapura hatujambo. Babu yako, mume wetu, kikohozi kimemwachia, na mikorosho imeanza kutoa maua. Umeniuliza kwa nini sikupigii makofi kila asubuhi unapoweka picha mtandaoni ukiwa juu ya mzani, kilo zikizidi kupungua.

Nilipokuwa msichana kule Ruvuma, nilitaka kuvuka mto kwa miguu. Kila jioni nilichomeka kijiti pale nilipofikia, na wanawake waliokuwa wakifua ukingoni walinipigia vigelegele. Siku moja, mbele ya kijiti cha mwisho, nikaona macho ya mamba juu ya maji. Na bado nilisonga mbele, Zuhura. Niliogopa vigelegele kukatika kuliko nilivyomwogopa mamba. Mama yangu peke yake hakushangilia. Aliita, "Rudi, mwanangu. Tumeshaona."

Nikarudi.

Picha yako ya jana nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Mifupa ya mabega imekutokeza, na chini yake watu wamejaza makofi. Rudi, mjukuu wangu. Tumeshaona.

Ni mimi, bibi yako.