Mtani Aliyefika Mwezini

Troyeville, Johannesburg
12 Machi 2017

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Wajukuu wanakusalimu, ingawa kwa Kizulu. Mgongo unaendeleaje?

Filamu ya kitabu chako imekubaliwa. Tutapiga picha Agosti, kwenye vilima vya mchanga wa machimbo kusini mwa mji. Ukiviona utaapa ni mwezini. Masika, shujaa wako wa mwezini, ataigizwa na Murielle, msusi kutoka Bukavu. Mazoezi tunafanyia kanisani kwao mjini, juu ya duka la mablanketi.

Lakini Baba, uliniruhusu kubadilisha kila kitu isipokuwa mwisho, nami nimeugusa. Kitabuni Masika anawaachia wenzake hewa yake, anakufa, wanamzika kimya. Tulipojaribu hivyo, watu walionekana kama wanafukia takataka. Nikamwingiza mtani, kama wa misiba ya kwetu. Anaruka kaburini na vazi lake la anga, analala, anasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba marehemu alikuwa mchoyo hata wa hewa. Parfait, mlinzi Mkongomani anayemwigiza huyo mtani, alishangaa. "Eish, dada, kwetu mutu akifanya hivi kwa kilio tunamupiga. Kwenu munamucheka?" Nikamwambia tunamcheka, na tunamlipa.

Maandishi ya filamu anakuletea Seif, anayekuja huko kununua vitenge. Ukisema hapana, nitaifuta sehemu hiyo. Kwa simu niliogopa kukuambia.

Mwanao,
Leonida

Troyeville
2 Julai 2017

Baba,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko haijakusumbua. Ya huku inatuumiza mifupa.

Seif anasema alikukabidhi maandishi mkononi, ukamkaribisha chai. Tangu hapo kimya. Kwenye simu unaniuliza mvua na shule za watoto. Ukisikia neno filamu, unasema salio linaisha. Na simu napiga mimi.

Kitabu kile ulikiandika mwaka aliofariki Mama. Najua Masika ni nani, na sikutaka kumfanyia mzaha. Nimewaambia wenzangu turudishe mwisho wako. Murielle amenuna, Parfait anashukuru kwamba hatapigwa. Mimi nasema afadhali filamu mbovu kuliko baba kuninunia. Naomba neno moja tu kutoka kwako, hata likiwa kali.

Mwanao,
Leonida

Morogoro
19 Julai 2017

Mwanangu Leonida,

Marahaba. Afya si haba. Mgongo upo, na kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo.

Usirudishe kitu.

Sikukasirika, mwanangu. Mambo ya utani hayaamuliwi na mfiwa, kwa hiyo nilimpelekea maandishi mtani wetu, Mzee Inyasi, yule Mnyamwezi uliyekuwa ukimkimbia utotoni. Akayakalia. Kila nikienda kuyadai ananiambia Waluguru hatuna subira, ndiyo maana tulikimbilia milimani. Niliona aibu kukuambia kwamba kazi yako imetekwa na mtani.

Kuna jambo hukulijua, ulikuwa mdogo sana. Mama yako alipofariki, Inyasi alikuwa kwao Tabora, na mafuriko yalikuwa yameikata reli. Alifika tumeshaanua matanga. Tulimzika mama yako bila mtani. Hakuna aliyeruka kaburini, hakuna aliyetuchekesha, na kimya kile ndicho nilichokiandika. Watu wakakisifu, wakakifundisha mashuleni, wakasema ni sanaa. Haikuwa sanaa, ilikuwa reli.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, Inyasi alinishika mkono mpaka makaburini. Akavua koti, akajilaza kando ya kaburi la mama yako, na uzee wake ule, akaanza kumsuta. Kwamba alikuwa mnyimi wa mboga. Kwamba alikimbilia ahera makusudi ili asimlipe mtani wake, na kwamba yeye Inyasi haondoki hapo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikalia sana, kisha nikacheka tena. Mwishowe yeye mwenyewe hakuweza kuinuka, tukamwinua mimi na katekista, naye bado anatukana ukoo wetu mzima. Maandishi yako alinirudishia siku hiyohiyo, yana madoa ya chai.

Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri, na kifua kimekuwa chepesi. Inyasi anasema maneno ya yule kijana Mkongomani yamempendeza, ila apige kelele zaidi.

Piga picha zako, mwanangu. Mama yako tumeshamzika.

Baba yako,
Laurenti