Herufi Moja ya "Mikataba"

Mwenzangu, nimekwisha. Nakuandikia nimejifungia chooni.

Unaikumbuka ile folda ya ofisini iliyoandikwa "Mikatba" miaka yote? Jana nikaona aibu, nikaongeza ile "a" iliyokosekana. Herufi moja tu!

Leo fundi wa kompyuta kakagua linki za nyaraka zote. Elfu sita hazifunguki. ELFU SITA! Zote bado zinaitafuta "Mikatba".

Bosi kaniita mbele ya watu wote: "Wewe ndiye makini hapa. Nitafutie aliyeigusa hiyo folda."

Makini! Mimi!

Nikirudisha jina la zamani, mfumo utaandika kuwa ni mimi.

Ngoja, fundi anagonga mlango.

Anasema polepole: "Dada, jana mfumo uliandika jina lako."